Ufunguo Uko Begani mwa Nani?



Jumatano iliyopita, tukiwa tumemaliza somo la Biblia na watu wameanza kutafuta viatu vya watoto, kijana mmoja aliinua mkono. Swali lake huulizwa kila mara serikali inapotangaza jambo jipya. "Pasta, pesa ziko kwenye simu, hospitali ni simu, sasa na kitambulisho kinaingia kwenye simu. Hii si ndiyo chapa ya mnyama?"

Kanisa likanyamaza. Hata waliokuwa mlangoni wakarudi wakaketi.

Nilimjibu kwa kifupi, na wewe nakujibu vivyo hivyo, maana najua swali hilo unalo. Ufunuo 13 inazungumzia ibada. Mnyama yule anataka asujudiwe, na habari ya kununua na kuuza ni fimbo ya kuwachapa wasiotaka kusujudu. Simu yako haijakuomba uisujudie. (Ingawa tukiulizana ni kitu gani tunachoshika kwanza tukiamka asubuhi, wengi wetu tutainamisha vichwa.)

Mwaka wa 2019, wakati wa Huduma Namba, kuna ndugu waliokataa kabisa kusajiliwa. Walifunga na kuomba. Sikuwacheka, kwa sababu mtu ana haki ya kuuliza habari zake zinapelekwa wapi, na Mahakama Kuu yenyewe mwaka uliofuata ilisema mpango ule usiendelee bila sheria ya kutosha ya kuulinda. Lakini 2023 Worldcoin walikuja na kile kimpira chao kinachopiga picha mboni ya jicho. Watu walipanga foleni KICC, Nairobi, wapigwe macho wapate sarafu za kidijitali za thamani ya kama shilingi 7,000. Agosti serikali ikasimamisha shughuli ile, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru habari zile za macho zifutwe. Basi katika foleni ile alikuwemo ndugu mmoja ninayemjua vizuri. Ni mmoja wa wale waliofunga na kuomba mwaka wa 2019. Namba ya bure aliikimbia, ya elfu saba akaifuata mwenyewe na matatu akalipa nauli. Tulicheka sana alipokuja kunisimulia, kisha tukaacha kucheka.

Hivyo ndivyo nilivyomalizana na swali la mnyama. Lakini nikirudi nyumbani Roho Mtakatifu aliendelea kunisumbua, kwa sababu kuna swali jingine ambalo miaka yote hii hakuna aliyeniuliza Jumatano, na mimi mchungaji ndiye niliyepaswa kuliuliza. Nililipata mwaka jana kabla ya Pasaka, na lilinigharimu machozi.

Mama yangu anaishi kijijini, Vihiga. Amepita miaka sabini. Simu yake ni mulika mwizi, na ana kazi mbili nayo: kunipigia mimi, na kumulika njia ya chooni usiku. NHIF ilipotoka na SHA ikaingia, Oktoba 2024, mimi nilikuwa nyumbani kwa mazishi ya jirani. Nikaona nimsajili kabla sijarudi Nakuru. *147#. Simu ya Mama haikuwa na chaji. Nikatoa yangu, ina laini mbili, nikaweka namba ya ile laini ya pili niliyokuwa naitumia kwa bando za bei ya chini. Dakika chache, kazi imeisha. Mama akanishika kichwa akaniombea baraka. Nilirudi Nakuru nikijiona mtoto mwema kuliko wenzangu.

Krismasi simu hiyo iliibiwa stendi. Laini yangu kuu niliirudisha siku iyo hiyo, na ile ya pili nikaiacha ipotee. Nani ana haja na laini ya bando? Ikikaa miezi bila kutumika hufungwa, na baadaye namba hupewa mtu mwingine kabisa.

Nadhani umeshaona tunakoelekea.

Wiki mbili kabla ya Pasaka, usiku, Mama alianza kukosa pumzi. Mdogo wangu alimpakia kwenye bodaboda, yeye nyuma akimshikilia asianguke, mpaka hospitali. Wahudumu walimpa oksijeni kwanza, Mungu awabariki. Kisha kwenye dirisha la usajili wakaingiza namba ya kitambulisho, jina lake likatokea, na mfumo ukatuma namba za uthibitisho. Zikaenda wapi? Kwenye laini ya pili ya pasta.

Saa tisa za usiku simu yangu ikalia. "Ndugu, nisomee hizo namba haraka." Namba gani? Nilikaa kitandani nikielewa polepole, kama mtu anayemwagiwa maji baridi kidogo kidogo.

Mama alikuwa na kitambulisho chake mkononi, amekifunga ndani ya kitambaa kama anavyofunga sadaka. Muuguzi wa zamu alimjua kwa jina, Mama alimfundisha shule ya Jumapili akiwa mtoto wa miaka sita. Watu wote pale walijua huyu ni nani. Lakini namba hazikupatikana. Mdogo wangu akampa simu Mama aongee nami, na yeye, kwa sauti ya mtu anayekokota pumzi, akaniuliza, "Mwanangu, kwani mimi si mimi?"

Nimesoma chuo cha Biblia. Nimehubiri karibu miaka ishirini, nimezika watu, nimeketi na wanandoa wakigombana hadi usiku wa manane. Sijawahi kukosa jibu namna ile.

Tulichanga pesa za kumlaza, jambo la namba likarekebishwa kesho yake mchana baada ya kupanga foleni, na Mama yuko hai, ananiuliza kila Jumapili kama nimekula. Utukufu ni wa Bwana. Lakini sitalaumu hospitali, wala mtu wa dirishani, wala serikali. Namba niliiweka mimi. Nilifunga mlango wa nyumba ya mama yangu, nikatia ufunguo kwenye mfuko wa suruali yangu, kisha suruali nikaitupa.

Usiku ule nikingoja habari nilifungua Isaya 22. Soma sura hiyo leo, usiniamini mimi tu. Palikuwa na mtu anaitwa Shebna, msimamizi wa nyumba ya mfalme. Kila kitu cha jumba lile kilipitia kwake. Na alichofanya na nafasi hiyo ni kujichongea kaburi la kifahari mwambani, juu, watu waone. Mungu akasema anamwondoa, na mahali pake anamweka Eliakimu mwana wa Hilkia, ambaye angekuwa kama baba kwa watu wa Yerusalemu. Huyo ndiye aliyewekewa ufunguo wa nyumba ya Daudi begani.

Kwa nini begani? Mwalimu wetu chuoni alitueleza kwamba funguo za majumba ya zamani zilikuwa za mbao, kubwa, mtu anabeba kama anavyobeba jembe. Kila mtu mjini aliona ni nani aliyeubeba. Nilidhani hiyo ni habari ya kupita mtihani tu. Usiku ule nilielewa kwamba ufunguo wa zamani ulionekana, na wa siku hizi ni namba nne kichwani mwa mtu. Huwezi kujua nani anaubeba wa mama yako.

Swali langu ndilo hilo, mpendwa. Achana na mnyama kwa muda. Ufunguo wa nyumba yako, na wa wazazi wako, uko begani mwa nani? Na huyo ni Eliakimu au ni Shebna?

Usinielewe vibaya ukadhani napinga simu. Mwaka wa 2006 nikiwa chuoni, Mama alinitumia shilingi mia tano kwa kondakta wa basi, ameziweka kwenye bahasha ndani ya mfuko wa unga wa mahindi. Unga ulifika. Machi mwaka uliofuata M-Pesa ikaanza, na anayesema siku za bahasha zilikuwa bora hakuwahi kulala njaa akingoja basi. Leo nalipa karo nikiwa kwenye foleni ya kinyozi. Nanunua tokeni za stima usiku taa zikizimika. Mama mboga wetu hana haja ya kutafuta chenji. Ushuru, leseni ya kuendesha gari, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, vyote huanzia kwenye kiganja. Sadaka pia, na hapo ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu kuna jambo la kutubu.

Wakati tulipokuwa tukijenga ukuta wa kanisa, mimi nilisimama madhabahuni na kipaza sauti nikasema, "Usiniambie mfuko hauna kitu, simu unayo!" Watu wakapiga makofi. Namba ya kutuma ilikuwa kwenye skrini. Niliona simu zikitoka, nikafurahi, nikaita huo ni upako.

Wiki ya pili dada mmoja alikuja ofisini, sitasema ni nani na usijaribu kukisia. Alikuwa ametuma elfu mbili siku ile. Hakuwa nazo. Alizikopa papo hapo kwenye simu, akiwa amesimama, wimbo ukiendelea, kwa sababu pasta alisema simu unayo. Jumatatu akakopa mahali pengine kununua unga. Ijumaa kaka yake akatuma pesa za karo ya mtoto, na kabla hajazigusa, deni likajikata lenyewe. Mtoto akarudishwa nyumbani. Dada huyo hakuja kunilaumu. Alikuja kuniuliza kama imani yake ina kasoro, maana mbegu amepanda na anavuna njaa.

Nilimrudishia pesa zake. Narudia kuomba msamaha hapa hadharani, kwa sababu yale maneno niliyasema hadharani.

Si dhambi kukopa. M-Shwari ilikuja 2012, Fuliza 2019, Hustler Fund mwisho wa 2022, na najua watu waliofikishwa hospitali kwa mkopo wa namna hiyo wakiwa hai. Lakini Sulemani, Mithali 22:7, anatuonyesha kwamba mtu akishakopa hawezi tena kujiita huru mbele ya yule aliyemkopesha, na Sulemani alikuwa akiwazia mkopaji aliyefunga safari, akabisha hodi, akaona haya, akaeleza shida yake. Haya hiyo ilikuwa ulinzi. Siku hizi hakuna hodi wala haya. Unabonyeza moja kukubali. Na Kiswahili chetu kinajua mambo: kufuliza ni kutenda jambo mfululizo bila kukatiza. Ukikopa mara moja, sawa. Lakini uliza roho yako kama hujaanza kufuliza. Kuanzia sasa, katika kanisa hili, mkopo wa simu hautaingia kwenye kapu la sadaka. Kama huna, inua mikono mitupu, Mungu anaiona. Mzee yeyote wa kanisa akikusukuma, niletee jina lake.

Sasa turudi kwa Shebna.

Katika ziara za nyumbani mwaka huu nimekuwa nikiwauliza wazee wetu jambo moja: nani anajua namba yako ya siri? Majibu yamenivunja moyo na yamenifariji pia. Wengi wamesema mjukuu. Kuna shosho aliyeniambia amesahau hata jinsi ya kuangalia salio, mjukuu humwambia zimebaki ngapi. "Na yeye husema ukweli?" nikauliza. Akatazama nje dirishani. "Ni mtoto wangu," akasema. Sikuuliza tena.

Mwingine ameandika namba ya siri kwa kalamu nyuma ya simu ili asisumbue watu. Mzee mmoja aligundua ana deni la programu tatu ambazo hajawahi kuzisikia. Mwingine alipigiwa na mtu mwenye sauti ya upole, akaambiwa pesa zimeingia kwake kwa makosa, azirudishe, na akazirudisha kwa sababu yeye ni Mkristo. Hebu fikiria hilo. Walimwibia kwa kutumia wokovu wake.

Lakini nimeona na Eliakimu. Kuna kijana wa kidato cha tatu hapa kwetu ambaye kila Jumamosi huketi na babu yake, simu ikiwa mkononi mwa babu, si mwake. Kijana anasoma, babu anabonyeza. Wakimaliza, babu anaandika kwenye daftari: tarehe, kiasi, kimeenda kwa nani. Inawachukua nusu saa kwa kazi ya dakika mbili. Kijana yule hajui kwamba anafanya huduma. Mimi nilifanya kwa dakika chache, bila kumfundisha Mama kitu, na mnajua ilivyokwisha.

Wenye ndoa, na nyinyi sogeeni. Nilimzika ndugu mmoja aliyekuwa mweka hazina wa chama. Pesa za watu, hati za ploti alizopiga picha, namba za wadeni, vyote vilikuwa kwenye simu ambayo mke wake hakuweza kuifungua. Mjane akiwa bado na kitambaa cheusi kichwani, wanachama wanabisha hodi. Simu iko mezani inalia, na yeye hawezi kuipokea akawaambia kitu. Sisemi upekuane simu usiku mwenzako akilala, hiyo ni roho nyingine na tutaihubiri siku yake. Nasema mkae chini mkiwa na afya, mwambiane yapi yako wapi, na muandike kwenye karatasi ikae na hati zenu.

Kuna mwisho wa ile habari ya Isaya ambao wahubiri tunauruka. Eliakimu anafananishwa na msumari uliokazwa ukutani mahali imara, na jamaa nzima wanatundika vyombo vyao juu yake, vikubwa kwa vidogo. Halafu mwishoni, katika mstari wa 25, msumari unalegea, unaanguka, na kila kilichotundikwa kinaanguka nao. Hata msumari mzuri. Eliakimu hakuwa mtu mbaya.

Mwisho wa Juni 2023 serikali ilizindua huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen. Kabla mwezi mmoja haujaisha, mtandao huo ulishambuliwa, na kwa siku kadhaa watu walihangaika na tiketi za treni, tokeni, hati za kusafiria. Mambo yalitengenezwa, lakini tuliona msumari ukitikisika. Na mambo yanayotundikwa yataongezeka. Kitambulisho, daktari, shamba, shule, vyote vinakuja, na sioni vikirudi nyuma. Sitakuambia ukimbie. Nakuambia weka noti kidogo ndani ya Biblia yako ya karatasi. Namba tano za watu wako ziandike kwenye daftari, maana hata ya mke wangu sikuwa naijua kichwani hadi mwaka jana, na tuna miaka kumi na saba ya ndoa.

Jumapili hii, baada ya ibada ya pili, tutaweka meza nne chini ya hema upande wa shule ya Jumapili. Vijana watakaa wawili wawili, na kila meza itakuwa na mama mmoja wa ushirika wa kina mama akiangalia. Mlete mzazi wako na kitambulisho chake na simu yake yeye, iwe na chaji. Tutatazama amesajiliwa kwa namba gani kila mahali, na kama namba si yake tutaanza safari ya kuibadilisha. Tutatazama ana madeni gani. Simu itakaa mkononi mwa mwenyewe. Hakuna kijana atakayeuliza namba ya siri, na akiuliza, njoo uniite nikiwa bado na kipaza sauti. Kila mzee atapewa daftari, la bure, tulishanunua.

Mama yangu sasa ana namba yake mwenyewe kila mahali. Simu anaichaji kwa jirani mwenye sola, shilingi ishirini. Wiki jana alinipigia kuniambia amebadilisha namba ya siri na hataniambia ni ipi.

Kama kuna mzee asiyeweza kufika, niandikie mtaa anaoishi tumfuate nyumbani. Mtaa tu. Usiandike namba yake ya simu hapa. Narudia kwa sababu nawajua: usiandike namba yake ya simu hapa.